Faili Hiyo Ina Mwenyewe

Leo sikuja na habari za simu mpya wala mafunzo ya lugha ya programu. Nimekuja na ugomvi. Nagombana na mafundi wenzangu, wale ambao ukiwauliza jinsi ya kubadilisha kitu kwenye mashine pepe wanakujibu kwa maneno manne: "Fungua faili, badilisha, hifadhi." Ushauri huo niliupokea, nikautoa kwa wengine kwa miaka, na mwisho ukaniaibisha mbele ya watu. Kwa hiyo mnivumilie nikipandisha sauti kidogo.

Kwanza tuelewane maneno, kwa ajili ya wageni. Mashine pepe ni kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Ile ya chuma tunaiita mwenyeji, na zile zinazokaa ndani yake tunaziita wageni. Katikati kuna haipavaiza, yaani programu inayomgawia kila mgeni kumbukumbu, diski na mtandao. VMware ni haipavaiza, VirtualBox pia, na KVM ambayo iko ndani ya kiini cha Linux tangu mwaka 2007. Proxmox nayo imejengwa juu ya KVM.

Kila mgeni ana faili ndogo ya usanidi inayomweleza: ana kumbukumbu kiasi gani, diski yake iko wapi, kadi yake ya mtandao ina anwani gani. Kwa VMware faili hiyo huishia na .vmx, kwa VirtualBox .vbox, kwa KVM inayosimamiwa na libvirt ni .xml, na kwa Proxmox ni .conf. Ni maandishi matupu, KB chache tu. Diski ya mgeni inaweza kufika GB 200, lakini bila KB hizo chache mgeni haamki.

Sasa kwa kuwa ni ndogo, na inafunguka kwa kihariri chochote, kila mtu anajiona anaweza kuichezea. Hata mimi.

Yaliyonipata

Miaka michache iliyopita nilikuwa nahudumia ofisi moja huku kwetu Magarini, ofisi inayolipa vibarua kila Jumamosi. Seva yao ilikuwa kompyuta moja ya Linux yenye wageni watatu ndani ya KVM. Mgeni wa mahesabu alikuwa mzito, na mimi nikaamua kumwongezea kumbukumbu, kutoka GB 4 hadi GB 8.

Nilikuwa nyumbani Mambrui, mbele ya kompyuta yangu ya mezani yenye Windows. Nikaingia kwenye seva kwa WinSCP, tena kama root, nikaenda /etc/libvirt/qemu, nikaifungua faili ya mgeni yule, nikabadilisha namba, nikahifadhi. Ikapanda bila kelele. Nikamzima mgeni, nikamwasha. Nikatazama kumbukumbu: bado GB 4. Nikasema nitaangalia kesho. Kesho ikaja na kazi zake, nikasahau.

Wiki tatu baadaye stima ikapotea usiku. UPS ya ofisi ikashika dakika zake, ikaishiwa. Stima iliporudi alfajiri, seva ikaamka yenyewe na wageni wawili wakaamka. Wa tatu hakuwepo. Sisemi kwamba alikataa kuwaka. Hakuwepo hata kwenye orodha, kana kwamba hakuwahi kuundwa.

Ilikuwa Jumamosi. Karani akanipigia saa moja asubuhi: "Fundi, mahesabu hayafunguki." Nikapanda matatu. Nilipofika, vibarua walikuwa wamekaa chini ya mwarobaini, wengi wao akina mama. Siku walizofanya kazi, pesa walizokopa katikati ya wiki, vyote vilikuwa ndani ya mgeni aliyepotea. Mama mmoja akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma: "Mwanangu, hiyo mashini imekula siku zetu?"

Sikuwa na jibu. Nilipoteza saa nyingi nikichunguza diski, maana niliamini kosa ni la stima. Alasiri ndipo nikasoma kumbukumbu za matukio za libvirt, nikaona inalalamikia mstari wa faili niliyoihariri mwenyewe. Mstari ulitakiwa uwe hivi:

    <memory unit='KiB'>8388608</memory>

Mimi nilikuwa nimeandika hivi:

    <memory unit='KiB'>8388608</memory

Alama moja ya mwisho ilikuwa imefutika chini ya kidole changu. Nikairudisha, mgeni akaamka na mahesabu yake yote. Vibarua wakalipwa jua likizama, wakati wengine walikuwa na safari ya miguu mbele yao na unga haujanunuliwa.

Angalieni vizuri kisa hiki. Stima haikuharibu kitu. Kosa lilikuwa limelala pale wiki tatu, na kukatika kwa stima kuliliamsha tu. Hilo ndilo linalonifanya nigombe: kuhariri vibaya faili ya usanidi hakukuumizi leo. Kunakungoja siku ambayo hutaki.

Mwenye faili ni nani?

Kwa nini mabadiliko yangu hayakuonekana siku ile ile? Kwa sababu libvirt huisoma faili ya mgeni inapoanza kazi, kisha inabaki na habari zake kichwani. Kuanzia hapo ile faili kwenye diski ni daftari lake la kumbukumbu tu. Ukiandika ndani ya daftari la mtu bila kumwambia, yeye haendi kulisoma tena kwa sababu yako. Na siku akiamua kuandika, atafuta maandishi yako bila kukuuliza. Faili yenyewe ina onyo kwenye mistari ya juu kabisa, linasema imetengenezwa na programu na kwamba mabadiliko ya mkono huenda yakapotea. Niliwahi kuliona onyo lile mara nyingi. Nililiruka kama tunavyoruka masharti ya matumizi.

VirtualBox nayo iko hivyo hivyo: faili ya .vbox inaanza kwa kukuambia usiihariri, maana programu ikiwa wazi itaandika juu ya ulichoandika. VMware huiandika upya .vmx wakati mgeni anaendelea na kazi. Na Proxmox ndiyo inayodanganya macho zaidi, kwa sababu ile folda ya /etc/pve unayoiona si folda ya kawaida kwenye diski. Ni hifadhidata ya SQLite iliyovishwa sura ya folda, na katika kundi la seva nyingi mabadiliko yake husambazwa kwa seva zote. Kundi likipoteza idadi ya kura linayohitaji, folda nzima inakuwa ya kusoma tu. Unadhani unahariri faili, kumbe unazungumza na hifadhidata.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi lisiwe "nitumie kihariri gani?" Swali ni "faili hii ina mwenyewe, na mwenyewe yuko macho au amelala?"

Msiitupie Notepad lawama zote

Nikisimulia kisa hiki, wapo wanaoniambia kosa ni Windows, kosa ni Notepad. Ni kweli Notepad ilitutesa. Windows humaliza kila mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, ya kurudi mwanzo na ya kushuka chini, urithi wa mashine za kuandikia za zamani. Linux hutumia moja tu, ya kushuka chini. Kwa miaka mingi ukifungua faili ya Linux kwa Notepad ulikuta mistari yote imeungana kuwa mmoja. Na ukihifadhi kwa UTF-8, ilibandika baiti tatu za siri mwanzoni mwa faili. Programu nyingine huvumilia mambo haya, nyingine hukataa. Hati ya amri za Linux, kwa mfano, haiendeshwi ikikutwa na ile herufi ya ziada mwisho wa mstari wake wa kwanza.

Lakini tuseme haki. Mwaka 2018 Notepad ilijifunza kuisoma mistari ya Linux, na mwaka 2019 ikaacha kubandika zile baiti tatu bila kuombwa. Notepad++ ilikuwa inayaweza hayo tangu zamani. Alama yangu iliyopotea ingepotea vile vile ndani ya vi, ndani ya nano, ndani ya kihariri chochote unachokisifia. Kihariri cha maandishi hakijui mashine pepe ni nini. Kinachojua ni haipavaiza.

Hatari nyingine iko njiani, kati ya meza yako na seva. Ukihifadhi faili ndogo kwa WinSCP, inaandikwa moja kwa moja juu ya ile ya zamani. Ule ulinzi wa kupandisha kwanza kwa jina la muda na kubadilisha jina baadaye, kwa mpangilio wa kawaida, ni wa faili zinazozidi KB 100. Faili ya usanidi haifiki hata KB 20. Mtandao wako ukikatika katikati, na huku kwetu hukatika, unaweza kubaki na nusu ya faili mpya na hakuna ya zamani.

Hoja za wapinzani wangu

Wa kwanza anasema: fundi hasa huhariri kwa mkono, amri na madirisha ni ya waoga. Ndugu yangu, wazee wa Unix unaowaiga walitengeneza visudo ili hata wao wasihariri faili ya sudoers ovyo. Visudo huifunga faili ili wawili wasiiandike pamoja, hukupa nakala ya muda, kisha hukagua sarufi kabla ya kukubali. Crontab -e ni ya ukoo huo huo. Hata wakongwe wale hawakujiamini kiasi hicho. Wewe unajiamini kwa lipi?

Na tusiende mbali. Hapa hapa Magarini, pale Ngomeni, Waitaliano walirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco baharini kuanzia mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, ilipaa pale satelaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani, ikapewa jina la Uhuru. Ikishapaa, hakuna aliyeweza kuifuata na bisibisi. Aliyetaka kubadilisha kitu alituma amri kutoka ardhini, na chombo chenyewe ndicho kilichotekeleza. Hakuna aliyewaita watu wale waoga.

Wa pili anasema: lakini wenye programu wameruhusu. Kweli. Maelezo ya Proxmox yanasema faili zile unaweza kuzihariri kwa kihariri cha kawaida, na kwa VMware kuna mambo ambayo hayana kitufe kwenye dirisha lolote, lazima uyaandike ndani ya .vmx. Sikatai. Lakini someni sentensi inayofuata: Proxmox wanakukumbusha lazima umzime na kumwasha mgeni ndipo mabadiliko yashike, na wanasema kwa kawaida amri ya qm ni bora. Hiyo ruhusa ina masharti, na fundi anayekutajia ruhusa akaficha masharti anakudanganya.

Wa tatu yuko upande wa pili kabisa: anasema usiguse faili hizi milele, bonyeza vitufe tu. Huyu naye namkataa. Faili ya maandishi ni uhuru wetu. Unaisoma, unailinganisha na ya mwezi jana, unaihamishia kwenye seva nyingine. Broadcom ilipoinunua VMware Novemba 2023 na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu, ofisi nyingi duniani zilianza kutafuta pa kuhamia. Anayejua kuisoma .vmx anajua mgeni wake ana diski ngapi, kadi gani ya mtandao, anaamka kwa BIOS au EFI, kwa hiyo anaweza kumjenga upya kwingine. Anayejua vitufe tu, dirisha likifungwa hana kitu. Someni faili hizi kila siku. Ninachopinga ni kuziandika kwa mlango wa nyuma.

Fanyeni hivi

Mlango wa mbele upo, na unafunguka hata ukiwa mbali. Kama kompyuta yako ya mezani ina Linux, huna haja ya kuvuta faili yoyote. Amri moja inatosha:

    virsh -c qemu+ssh://fundi@seva/system edit mahesabu

Inafungua maelezo ya mgeni ndani ya kihariri chako, hapo hapo mezani kwako. Ukihifadhi na kutoka, libvirt inayakagua. Ukiwa umesahau alama kama mimi, inakataa na kukuuliza kama unataka kujaribu tena. Mtandao ukikatika kabla hujamaliza, kwenye seva hakuna kilichobadilika. Kama unatumia Windows, ingia kwenye seva kwa SSH, fungua tmux ili kikao kisife mtandao ukikatika, kisha andika virsh edit mahesabu.

Kwa kitu kidogo kama kumbukumbu, huhitaji hata kuiona faili:

    VBoxManage modifyvm "Mahesabu" --memory 8192
    qm set 101 --memory 8192

Ya kwanza ni ya VirtualBox, ya pili ya Proxmox. Namba zenyewe ni MB.

Na kama hakuna budi kuhariri kwa mkono kwenye kompyuta ya mezani, basi fuateni utaratibu huu. Nimeubandika ukutani.

1. Mzime mgeni kabisa. Kuwasha upya kutoka ndani yake hakutoshi, na kumlaza ni hatari zaidi, kwa sababu aliyelazwa ana hali iliyohifadhiwa inayotegemea usanidi wa zamani. Kwa VMware na VirtualBox, funga na programu yenyewe.

2. Weka chelezo. Kwa mabaharia wetu chelezo ni kitu kinachoelea, nawe utakihitaji siku ya kuzama. Nakili faili, ipe tarehe kwenye jina, uiweke nje ya folda ile. Kwa libvirt:

    virsh dumpxml --inactive --security-info mahesabu > mahesabu-chelezo.xml

Hilo neno la security-info msiliache. Bila hilo nywila, kama ile ya VNC, haimo ndani ya nakala, na siku ya kurejesha mtajiuliza imekwenda wapi. Kwa sababu hiyo hiyo msiiache nakala hiyo mahali pa wazi.

3. Hariri nakala, kamwe usihariri ya asili. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Usitumie Word, ambayo hugeuza alama za kunukuu zikawa za mapambo.

4. Peleka nakala kwenye folda ya muda ya seva, kisha mkabidhi mwenyewe faili:

    virsh define --validate mahesabu-mpya.xml

Kama kuna kosa, utaambiwa hapo hapo, mgeni wa zamani akiwa salama. Kwa ESXi ya VMware, ukishaibadilisha .vmx mgeni akiwa amezimwa, mwambie mwenyeji aisome upya kwa vim-cmd vmsvc/reload na namba ya mgeni.

5. Washa, kisha hakikisha. Angalia ndani ya mgeni kama kumbukumbu imeongezeka kweli. Kama haikuongezeka, usilale. Mimi nililala.

6. Zima na kuwasha huduma ya libvirt kwa wakati unaouchagua wewe, mchana, ukiwa macho. Kwa kawaida wageni wanaofanya kazi hawaathiriki. Kama kuna faili iliyovunjika, utaiona saa nne asubuhi ya Jumanne badala ya alfajiri ya Jumamosi.

Namba sita ndiyo ninayoililia zaidi. Stima yetu tunaijua. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia giza usiku mmoja, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta nao ukakumbwa. Kila seva nchini itazimwa ghafla siku moja, na siku hiyo kila faili itasomwa upya tangu mstari wa kwanza. Afadhali uisomeshe wewe kabla.

Najua wapo watakaosema nimepiga kelele nyingi kwa ajili ya alama moja. Waje wamwambie hivyo yule mama wa chini ya mwarobaini. Yeye hajui haipavaiza, na hapaswi kuijua. Anajua kwamba alifanya kazi siku sita, na kwamba kuna kijana wa kompyuta aliyekuwa anatoka jasho mbele ya skrini huku jua likishuka.

Fundi ukinisoma, nenda leo kwenye seva unayoihudumia. Andika virsh list --all, au qm list, au VBoxManage list vms. Hesabu wageni wako na uchukue chelezo ya usanidi wa kila mmoja. Ni kazi ya dakika kumi. Kisha kama kuna faili uliyowahi kuihariri kwa mlango wa nyuma ukasahau, itafute sasa hivi, stima ingali ipo.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.